Ndala, Katambuga na Suti ya Mpira

Hadithi, hadithi?

Najua mmeshaitikia: hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Leo, wajukuu zangu, uwongo tumwache alale. Hadithi hii ni ya kweli tupu, na ushahidi wake mtaupata kwenye beseni la nyumbani kwenu.

Mbukwenyi! Ndivyo tunavyosalimiana huku Ugogoni. Mimi ni babu wa Dodoma, mji ulio katikati ya nchi, mbali na bahari, ambako mvua ikishaaga mwezi wa nne huionji tena hadi karibu na Krismasi. Mtu akisikia babu wa Dodoma anasimulia habari za kuogelea, hucheka. Lakini subirini kwanza niwaambie jina la mji wetu lilitoka wapi.

Wazee husimulia kwamba zamani tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, pale pale tunapopaita Kikuyu mpaka leo. Akanasa kwenye tope, akaanza kudidimia. Waliomwona wakapiga kelele kwa Kigogo: “Idodomya!” Yaani, amezama. Neno likabaki mahali pale, likapita midomo ya wageni, likawa Dodoma. Kwa hiyo mji huu, uliochaguliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu ya nchi, una jina la kuzama. Sasa nani mwenye haki zaidi ya kuuliza kwa nini kitu huelea?

Aliyeuliza ni mjukuu wangu. Alitoka kwa jirani kutazama televisheni, akaja mbio. Alikuwa ameona watu wengi wakikimbilia ziwani Ulaya, wamevaa suti nyeusi za mpira zinazobana kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu.

“Babu, wale wanaogelea kasi kwa sababu ya zile suti. Nikipata moja, namshinda dada.”

Dada yake, ambaye amejifunza kuogelea kwenye bwawa la mjini, akacheka mpaka akakaa chini. “Huyu, babu, hata kwenye beseni anazama.”

Nikawaambia wasigombane. Leteni beseni la maji, mwiko, ndala moja iliyokatika mkanda, na katambuga yangu moja. Bibi yao akasikia kelele ya maji, akasema kutoka jikoni: “Hayo maji ni ya mgao. Yakimwagika bure, mtayafuata kwa ndoo nyinyi wenyewe.” Tukamwahidi kwamba hakuna tone litakalopotea.

Mpira unaozama, mpira unaoelea

Katambuga mnaijua: kiatu kinachokatwa kutoka kwenye tairi kuukuu la gari, ambacho kinaweza kumzika mwenyewe na kurithiwa na mwanawe. Ndala nayo mnaijua. Nikauliza: “Zote mbili ni za mpira. Ipi itaelea?”

Mvulana akasema zote. Msichana akanyamaza, maana alihisi mtego.

Katambuga ikaenda chini moja kwa moja, ikatua, ikatulia kama kambale wa bwawa la Mtera. Ndala ikabaki juu. Mvulana akaisukuma kwa kiganja mpaka chini kabisa, akaiachia. Ikaruka juu na kumrushia maji usoni.

Nikachukua kisu, nikaikata ile ndala ubavuni, nikawapa waitazame kwa karibu mahali ilipokatwa. Ukitazama vizuri unaona vitundu vidogo mno, vimejazana kama vya kitumbua kilichoumuka. Kila kitundu kimefungwa peke yake na kina hewa ndani. Sifongo ya kuoshea vyombo nayo ina vitundu, lakini vyake vimeunganika, ndiyo maana maji hupenya na ikalowa yote. Vya ndala vimejitenga, kila kimoja na mlango wake umefungwa. Maji hayaingii.

Kitu kikiingia majini husogeza maji kando, na maji hayo hukisukuma kitu kurudi juu, kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosogezwa. Aliyetambua hilo ni Mgiriki aitwaye Archimedes, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Katambuga ni nzito kuliko maji inayoyasogeza, kwa hiyo inazama. Ndala, kwa sababu nusu yake kubwa ni hewa, ni nyepesi kuliko maji inayoyasogeza, kwa hiyo inasukumwa juu.

Suti mliyoiona kwenye televisheni ni ndala iliyoshonwa ikawa nguo. Wazamiaji wanaopeleka watalii chini ya bahari kule Unguja na Mafia huiita wetisuti. Mpira wake unaitwa neoprini. Haukugemwa mtini, ulitengenezwa maabara na kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1930. Neoprini tupu, isiyo na vitundu, ingezama kama katambuga yangu. Lakini ikiumuliwa kwa gesi mpaka ijae vitundu vilivyofungwa, inakuwa nyepesi na laini.

Ilizaliwa kwa ajili ya baridi

Mwanzoni suti hii haikuwa na habari na mbio. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanafizikia wa California, Hugh Bradner, alikuwa akitafuta namna ya kuwakinga na baridi wazamiaji wa jeshi la majini. Kabla yake watu walihangaika kutengeneza nguo isiyopitisha hata tone. Bradner aligundua kwamba si lazima mtu awe mkavu. Acha maji kidogo yaingie kati ya mpira na ngozi; mwili utayapasha moto. Kazi ya kuzuia joto lisitoroke ni ya vile vitundu vya gesi ndani ya mpira.

Nyinyi wa Dodoma mnaijua kazi hiyo. Asubuhi ya mwezi wa saba, upepo ukivuma uwandani, mtu hujifunika shuka mbili. Shuka haina moto wowote. Inachofanya ni kuishika hewa iliyo karibu na mwili isikimbie na joto lako. Majini shida ni kubwa zaidi, kwa sababu maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi kuliko hewa. Ukikaa barazani kwenye joto la nyuzi 25 unaona raha. Kaa kwenye maji ya nyuzi 25 saa nzima bila kujisogeza, utatoka unatetemeka na midomo imepauka.

Ndipo likaja jambo ambalo Bradner hakulikusudia. Waliovaa suti waliona kwamba wanaelea, na wanaoelea wanaogelea upesi zaidi. Mwaka 1987, Mmarekani Dan Empfield alitengeneza suti mahsusi kwa ajili ya traiathloni, mchezo ambao mtu anaogelea, anapanda baiskeli, kisha anakimbia, bila kupumzika. Mpira wake ulikuwa laini na wenye kunyumbuka zaidi kuliko wa wazamiaji. Tangu hapo suti ikawa silaha ya mbio.

Mwiko unatufundisha nini

Sasa nikampa mvulana mwiko wa ugali. “Upitishe majini kwa upande mwembamba.” Mwiko ukapita kama kisu. “Sasa ugeuze ubapa.” Akasukuma, maji yakamkataa, yakafurika ukingoni, na bibi akakohoa kule jikoni.

Mwiko ni ule ule, na mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni ukubwa wa uso unaoyakabili maji.

Mwili wa mwogeleaji nao ni mwiko. Ukilala majini umenyooka, kichwa, makalio na visigino viko karibu na uso wa maji, unapita kwa upande mwembamba. Miguu ikining'inia, umegeuza mwiko ubapa. Na asiyejua kuogelea miguu yake huning'inia siku zote. Tazameni mizani ya soko la Majengo: upande mzito hushuka, mwepesi hupanda. Kifua chako kina mapafu, yaani maboya mawili yaliyojaa hewa. Miguu yako ni mifupa na misuli mizito. Ukijilaza majini bila ujuzi, kifua kinapanda, miguu inashuka, na wewe unabaki kama mtu anayepanda ngazi.

Hapo ndipo suti inapofanya muujiza wake mdogo. Kwenye mapaja na makalio watengenezaji huweka mpira mnene, mara nyingi milimita 4 au 5. Mpira huo huinua miguu. Mwiko unarudi upande mwembamba bila mwenyewe kujua. Mwaka 1989, watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Huub Toussaint walipima ukinzani wa maji kwa waogeleaji wenye suti na wasio na suti. Kwa mwendo wa mita 1.25 kwa sekunde, suti ilipunguza ukinzani kwa takriban asilimia 14.

Asilimia 14 ya ukinzani haileti asilimia 14 ya kasi. Kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo maji yanavyozidi kukataa: ukitaka kwenda mara mbili ya mwendo wako, ukinzani unakuwa mara nne hivi. Kwa hiyo faida ya mwendo, katika vipimo vingi vilivyofanywa, huangukia kati ya asilimia 3 na 7. Tufanye hesabu. Mtu anayeogelea mita 1,500 kwa dakika 30, akipunguziwa asilimia 5 ya muda, anaokoa dakika moja na nusu. Kwenye mbio, dakika moja na nusu ni umbali wa kumpungia mwenzio mkono kwa kwaheri.

Mvulana akamtazama dada yake. “Si nilisema?”

Suti humsaidia nani zaidi

“Subiri,” nikamwambia. “Hadithi iko nusu.”

Mwaka 1995, watafiti wa Ufaransa waliwalinganisha watu wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa wanamichezo wa traiathloni, wenye pumzi na nguvu, ambao kuogelea kwao hakukuwa kwa ustadi mkubwa. Wa pili walikuwa waogeleaji hasa, waliolelewa majini tangu utotoni. Walipovaa suti, watu wa traiathloni waliongeza kasi waziwazi. Waogeleaji hasa hawakuongeza kitu cha maana.

Kwa nini? Miguu yao ilikuwa juu tayari. Suti ilikuja kuwapa kitu walichokuwa nacho.

Utafiti mwingine, wa Marekani mwaka 1991, ulionyesha kwamba faida pia hutegemea mwili. Mafuta ya mwili huelea. Misuli na mifupa huzama. Kwa hiyo mtu mwembamba, aliyekauka kama bua la mtama wakati wa kiangazi, hunufaika na suti zaidi kuliko aliyenona. Mjukuu wangu akajitazama mbavu, akatabasamu.

Dada yake alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akasema: “Kwa hiyo, babu, suti ingempa yeye kile nilichojifunza mimi bila suti?”

Naam. Kati ya yote yaliyosemwa mchana ule, hilo ndilo lililoshinda. Suti haiongezi nguvu mkononi wala pumzi kifuani. Inaficha kosa la miguu inayozama. Mwenye kosa kubwa ndiye anayefichiwa pakubwa.

Na inatoza gharama. Hubana kifua, na anayeivaa mara ya kwanza huweza kudhani anakosa hewa. Hubana mabega, kila mpigo wa mkono ukawa kama unavuta mpira wa manati. Kuivua ukiwa umelowa ni kama kumchuna mbuzi aliye hai, na mbuzi mwenyewe ni wewe. Kubwa kuliko yote, kwenye maji ya joto inampika mvaaji. Mwili unaofanya kazi huzalisha joto jingi. Ukiuzuia usilitoe, unaugua.

Ndiyo maana kuna sheria. Kwenye mbio ndefu za maji ya wazi, World Aquatics, shirikisho la dunia la michezo ya majini, limeweka hivi: maji yakiwa chini ya nyuzi 18, suti ni lazima, kuanzia 18 hadi chini ya 20, ni hiari, kuanzia 20 kwenda juu, ni marufuku. Kwenye traiathloni pia kuna viwango vya joto, na mpira wa suti hauruhusiwi kuzidi unene wa milimita 5. Sasa pimeni maji yetu. Bahari ya Hindi pale Dar es Salaam haishuki sana chini ya nyuzi 25 hata wakati wa kipupwe, na Ziwa Victoria liko huko huko. Kwa sheria hiyo, mbio ikifanyika Dar au Mwanza, suti ya mjukuu wangu ingebaki kwenye begi.

Mwaka rekodi zilipofurika

Hata ndani ya mabwawa ya kisasa, nguo iliwahi kuwavuruga watu. Mwaka 2008, kampuni ya Speedo ilileta vazi la kuogelea lililobana mwili wote, lenye vipande vya plastiki laini. Kitambaa chake kilipimwa kwenye maabara za NASA, wale wa vyombo vya angani. Kampuni nyingine zikafuata kwa mavazi ya plastiki tupu. Yalibana mwili ukawa mwembamba kama mkuki, na yalisaidia kuelea. Kwenye mashindano ya dunia ya Roma mwaka 2009, rekodi 43 za dunia zilivunjwa. Mjerumani Paul Biedermann alimshinda bingwa wa Marekani, Michael Phelps, kwenye mita 200 za mtindo huru. Watu wakaanza kuulizana: ameshinda mtu au imeshinda nguo? Kuanzia tarehe 1 Januari 2010 mavazi hayo yakapigwa marufuku. Kitambaa kilichofumwa tu ndicho kinachoruhusiwa. Kwa wanaume kutoka kiunoni hadi magotini, kwa wanawake kutoka mabegani hadi magotini.

Jirani yetu Mkenya, Jason Dunford, alizaliwa Nairobi, na aliogelea katika nyakati zote mbili. Mwaka 2008 kule Beijing, kwenye mchujo wa mita 100 za mtindo wa kipepeo, aliweka rekodi ya Olimpiki ya sekunde 51.14, ingawa ilivunjwa siku ile ile. Mwaka 2010, marufuku ikiwa imeshaanza, alikwenda Delhi kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola akarudi na dhahabu ya mita 50 za kipepeo. Nguo zilivuliwa, ustadi ukabaki mwilini.

Na kuna nguo nyingine ya kuwasimulia. Kaskazini mwa Unguja, mradi uitwao Panje umewafundisha kuogelea wasichana wa vijiji vya pwani, ambao wengi walikulia kando ya bahari bila kuruhusiwa kuingia humo. Walitengenezewa vazi la kuogelea linalositiri mwili mzima na kichwa, ili wazazi waridhike. Mwaka 2016 mpiga picha Anna Boyiazis aliwapiga picha, wakiwemo wanafunzi wa Shule ya Msingi Kijini wakijifunza kuelea na kuokoa, na mwaka 2018 picha hizo zikapata tuzo ya World Press Photo. Vazi lile halina mpira wa kuinua miguu; kitambaa kingi humchelewesha mwogeleaji. Kwa kasi, ni hasara. Lakini ndilo lililowafungulia mlango wa kuingia majini, na walichojifunza hakitawaacha.

Neno la babu

Mjukuu wangu akauliza bei ya suti. Nikamwambia nguo ya kuazima haisitiri maungo. Akaguna, kisha akageuka: “Dada, nifundishe.”

Somo la kwanza ni hili, na halihitaji duka. Simama kwenye maji yasiyozidi kifua chako, mtu mzima anayejua kuogelea akiwa karibu kiasi cha kukugusa. Vuta pumzi, weka uso majini, tazama chini kabisa na wala usitazame mbele. Nyoosha mikono, kandamiza kifua kidogo kana kwamba unaegemea mto. Utashangaa: visigino vinapanda. Umejivika suti ambayo hakuna anayeiona.

Fanyeni hivyo kwenye bwawa la kuogelea lenye mwangalizi. Msifanye kwenye malambo ya ng'ombe yanayojaa mvua ikinyesha, maana tope lake halina mwisho, na tembo wa Kikuyu ni shahidi. Msifanye kwenye mabwawa ya Hombolo na Mtera mkiwa peke yenu. Kwenye maji yaliyotuama kuna konokono wa kichocho, na Mtera kuna viboko na mamba. Hakuna suti inayomtisha mamba.

Beseni tulilimwaga kwenye shina la mzabibu, na bibi akaridhika. Nanyi wazazi na walimu mnaowasomea watoto hadithi hii: mtoto wa Dodoma atakwenda Mwanza kusoma, atapanda boti kwenda Unguja, atavuka korongo lililojaa masika. Mfundisheni kuelea sasa, kabla maji hayajamuuliza kama anajua.